Mgeni na Ukurasa Mmoja

Kule ng'ambo walikohamia Mzee Makame na mkewe Bi Mize, hata muuza nyama wa ule mji mdogo alipanga vitabu kando ya maini. Familia mpya ikifika, majirani huja Jumamosi kusomewa ukurasa mmoja wa kitabu kilichotoka kwao, na hapo ndipo mgeni anapohesabiwa mwenyeji.

Jumamosi hiyo majirani walikuwa wameshakaa, na Mzee Makame ameshapekua masanduku yote mara mbili, akitafuta kitabu alichoandika marehemu baba yake kwa mkono.

"Mama Saumu, si wewe uliyefunga mizigo?"

"Ni mimi," alisema Bi Mize, akizidi kuinamia sanduku lililokwisha kuwa tupu. Alitafuta kwa bidii kuliko mwenye mali.

"Basi kimeshuka njiani, kimerudi nyumbani kwa miguu."

Majirani hawakujua lugha, wakacheka kwa adabu. Bi Mize akafunga sanduku. Akaenda jikoni, akarudi na mbuzi ya kukunia nazi, imekunjwa.

"Uwanja wa ndege walisema mzigo umezidi. Kitabu nilikiacha juu ya benchi, baba Saumu, nikachukua hii. Na huku nazi zenyewe hazipo."

Bibi mmoja jirani akaipokea mbuzi kwa mikono miwili, akaikunjua mezani, akidhani ni kibao cha kuwekea kitabu. Akaipangusa kwa kitambaa chake. Kisha wote wakamgeukia Mzee Makame, wakingoja akiweke kitabu.