Mawimbi ya Mkono wa Kushoto

Fundi aliinua macho kutazama dari ya sebule, na ndoo ikamponyoka mkononi.

Msimamizi wa nyumba, mama wa makamo aliyemfungulia mlango, akashtuka kuliko ilivyostahili. "Vipi tena, fundi?"

"Hamna kitu, dada. Mkono umeteleza tu."

Kitu kilikuwepo. Dari ilikuwa imepambwa nusu, mawimbi ya jipsamu yamepandana moja juu ya jingine, na yote yamelalia kushoto. Mgeni akiingia sebuleni huona urembo, basi. Fundi wa dari huona mkono wa mtu. Anayeshika brashi kwa mkono wa kulia, mawimbi yake hulalia kulia, hata umbembeleze vipi. Ya kushoto, tena yenye kijimkia kile mwishoni, alimjua mtu mmoja tu aliyeyachora. Mdogo wake.

Mdogo mtu alikuwa ametoweka tangu mazishi ya baba yao. Wote watatu, baba na wanawe, walikuwa kazini pamoja siku mzee alipoanguka kutoka jukwaa la ujenzi. Jioni ya mazishi kijana akachukua begi, akazima simu, hakuonekana tena. Mama yao akawa hali wala halali. Majirani wakashauri polisi waambiwe, fundi akakataa katakata. Mambo ya ndani, alisema, yatamalizwa ndani. Akamwahidi mama kwamba atamtafuta yeye mwenyewe, na toka hapo kila nyumba aliyoingia alitanguliza macho darini. Usingizi ulimruka. Roho haikumtulia hata siku moja kwa kutojua kijana yuko wapi, na yuko na nani.

"Nani aliianza hii kazi?" aliuliza, akichana mfuko wa unga wa jipsamu.

"Kuna fundi mwingine alikuja. Akaiacha njiani, kama kawaida yenu." Msimamizi alijaribu kucheka, kicheko kikamkwama. "Wiki kadhaa sasa sijamtia machoni. Leo nakuona wewe mlangoni, kumbe mwenye nyumba kakuita bila hata kunishirikisha."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mtu tu. Ana mikono na miguu."

Fundi akatanguliza maji kwenye ndoo, akanyunyizia unga juu yake, akakoroga taratibu mpaka ukawa kama uji mzito usio na mabonge. Kisha akauacha utulie kidogo, jinsi baba alivyowafundisha. Muda wote yule mama alisimama kwenye mlango wa ukumbi mwembamba wa kwenda vyumbani, na kila fundi aliposogea upande ule, alijitanua kuziba njia.

"Huko ndani kumekwisha," alisema bila kuulizwa. "Wewe pambana na sebule."

Fundi akapanda ngazi. Akagusa ukingo wa wimbi la mwisho, mahali kazi ya zamani inapokutana na mpya, aone kama pataka kuloweshwa.

Palikuwa baridi. Kidole kikazama.

Jipsamu ya wiki kadhaa huwa nyeupe pee na ngumu. Hii ilikuwa bado ya kijivu. Mtu aliipaka leo, tena muda si mrefu uliopita.

Kutoka juu ya ngazi aliona ambacho hakukiona akiwa chini: nyuma ya pazia, viatu vya kazi vyenye madoa meupe, kimoja kimelala ubavu. Alivijua viatu vile. Ni yeye aliyemnunulia mdogo wake. Mtu haachi kazi akaondoka peku.

Akashuka. "Dada, yuko wapi?"

"Nakuomba uondoke, fundi." Akatoa noti mfukoni. "Nitakulipa ya kutwa nzima. Ondoka tu."

"Umemfanya nini?"

Fundi akachukua mwiko wake wa chuma na ngazi, akampita kwa nguvu. Yule mama akamng'ang'ania shati, shati likachanika, kisha akamwachia, akakimbilia nje akiita majirani.

Ukumbi ulikuwa na giza na kimya. Mwisho wake, darini, kulikuwa na kifuniko cha mbao cha kupandia juu. Kingo zake zilikuwa zimebanduka, na vumbi jeupe lilikuwa limemwagika sakafuni. Akasimamisha ngazi, akasukuma kifuniko kwa kichwa, akachungulia.

Joto la mabati likampiga usoni. Nyuma ya tangi la maji, kati ya mbao, kulikuwa na kitu kimejikunja.

"Mdogo wangu," aliita.

Kitu kile kikasogea. Kijana alikuwa hai, mzima, amekonda tu, bado ameshika brashi kwa mkono wa kushoto. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, fundi alivuta pumzi ikamfika tumboni.

"Mama anakulilia," alisema kwa upole. "Nimekutafuta kila mahali. Umeongea na nani huku?"

Kijana akajisogeza nyuma mpaka mgongo ukagota ukutani. "Sijamwambia mtu, kaka. Hata huyu mama nilimwomba anifiche tu, hajui kwamba ulimsukuma baba."

Fundi akapandisha miguu yote miwili, akakirudishia kifuniko.