Nani Anabaki?

Siku ya harusi ya mdogo wake, Mapendo aliamka akiimba. Benki ya zamani waliyohamia yeye na familia yake ilinukia pilau hadi darini, na kwenye chumba cha chuma, zamani cha kuwekea hela, watoto walikuwa wakigombania kioo.

Katika wilaya ile ya jimbo la Ayowa, Marekani, majengo ya kale yaliyoachwa yalitolewa bure kwa familia, kwa sharti moja: yasibaki tupu tena, hata dakika moja. Kwa miaka miwili Mapendo na mumewe Kiza walikuwa wakipokezana. Huyu akirudi, yule anatoka. Lakini leo Shangazi Nabintu alikuwa amekubali kubaki.

Basi shangazi akatokea amevaa kilemba kipya na viatu vya kuchezea.

"Nibaki mimi, ngoma inipite? Thubutu!"

Wakacheka hadi machozi, wakasukumana kuelekea mlangoni. Mlango haukufunguka.

"Nani anabaki?" mlango uliuliza kwa upole, kama kawaida yake kila walipotoka.

Kicheko kikakatika. Nje, gari la harusi likapiga honi mara ya pili.

Ndipo wakasikia, "Hodi! Hodi wenyewe!" Alikuwa Bi Doroti, jirani mjane wa Kizungu, akibisha kama Mapendo mwenyewe alivyomfundisha. Mlango ukafunguka. Bibi alisimama pale anang'aa kwa furaha, ndani ya kitenge alichoshonewa kwa ajili ya harusi.

"Karibu, mama, karibu sana! Ingia uketi kwanza," alisema Mapendo, mguu wake mmoja ukiwa tayari nje.