Mbayuwayu na Kimya cha Chiriku

Alikuwapo Mbayuwayu aliyeruka chinichini juu ya mpunga, akinasa nondo wa kulisha makinda yake. Shoga yake Chiriku, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, akamwita kutoka tutani:

"Shoga, umesikia ya Korongo? Kaposwa, na mposaji ni..."

"Ni nani?" Mbayuwayu akageuza shingo, huku mbawa zikizidi kasi.

Ghafla Chiriku akanyamaza. Mbayuwayu akashtuka, kwani Chiriku hakuwahi kunyamaza tangu atoke kwenye yai. Akatazama mbele: waya wa umeme ulioning'inia karibu na mpunga! Akajitupa chini, waya ukampangusa mgongo, akatua matopeni akitweta, mzima.

"Umeniokoa, shoga!" akacheka.

"Sauti ilinikauka kwa hofu," Chiriku akakiri, machozi yakimtoka.

Tangu hapo, Mbayuwayu akiwa kazini, Chiriku huuma ulimi mpaka mwenzake atue.