Kitana cha Pembe

Mashua ilikwisha sukumwa majini Asvora alipofika ufukweni, kitana cha pembe ya kulungu mkononi. Mumewe, Ketili, alikuwa ndani yake, ameoga, ndevu amezing'arisha kwa sabuni ya majivu.

"Jumamosi ngapi nimekupashia maji ya kuoga, ukasema una mafua?" Asvora alimwuliza. "Leo unakwenda kwa yule mjane wa ng'ambo, ndiyo maana unanukia."

"Nipe kitana changu, mke wangu. Watu wanasikia."

"Wasikie. Nilikichonga mimi, kipupwe kizima."

Akakivunja gotini, akamrushia nusu.

Waliachana. Ketili alimwoa mjane, ndevu zikarudi kuwa kichaka. Asvora hakuolewa tena. Kila Jumamosi alipasha maji, akaoga mwenyewe, akachana nywele kwa meno ya kitana yaliyosalia.