Mafuta ya Magaga

Wateja walipomuuliza Mwashamba yale mapambo ya vyungu vyake anayapata wapi, aliwajibu kwamba anaviringisha gunzi la muhindi tu, nao wakaridhika. Somoe, mfinyanzi mwenzake wa mtaa wa pili, hakuridhika hata siku moja.

Asubuhi hiyo Somoe alibisha hodi, akavua viatu mlangoni, akaingia na kikopo cha mafuta.

"Ya nini tena, shoga?" Mwashamba akauliza, huku akiiingiza miguu ndani ya kanga.

"Ya magaga. Yamekuzidi. Ukipaka haya, wiki haiishi, visigino vyako laini kama vya mtoto."

Tangu lini Somoe akajali visigino vya watu? Mwashamba akasogea kukificha chungu kibichi nyuma yake. Alikuwa amekipakata alfajiri, akakigandamiza kisigino pande zote, na mistari ya magaga yake ilikuwa imetapakaa juu ya udongo kama ardhi iliyokosa mvua.

"Ahsante. Nitapaka usiku."

"Paka sasa, nikuone."

"Nimesema usiku."

Somoe akatabasamu, akaaga. Mwashamba alikifunika chungu kwa gunia, kisha akachungulia dirishani.

Somoe, ambaye hata uani kwake hatoki bila viatu, alikuwa amevishika mkononi. Alitembea peku juu ya changarawe, polepole, akikandamiza kisigino kila hatua.