Ukungu wa Sufuriani

Ukungu wa mlimani ulikuwa hafifu mno, kwa hiyo mzee akaongeza gesi. Sufuria ikatokota, mvuke ukatanda ukutani, na ule mlima wa kadibodi alioupaka rangi jana ukaanza kufanana na mlima. Akasogeza bakuli la supu ya karoti mbele yake, akaweka kijiko, akapiga picha.

Haikumridhisha. Akahamisha bakuli, akalirudisha palepale. Akazunguka meza, akakaa, akasimama. Tangu aache ufundi saa mikono yake haikujua kutulia, na tangu mkewe afariki moyo nao ulikuwa umeiga mikono.

"Leo tuko wapi, jirani?" Msusi wa chumba cha pili alichungulia mlangoni.

"Mlimani. Baharini tulikuwa wiki iliyopita."

"Basi naomba bahari yangu, nina kitanda cha kutandika."

Mzee akacheka, akamkunjia shuka lake la buluu. Lakini kicheko hakikudumu. Kama safari hizi zingegundulika, binti yake angeharibikiwa, na angeharibikiwa kwa ajili yake.

Binti alikuwa akifanya kazi ng'ambo, kazi aliyoitafuta kwa udi na uvumba. Baada ya msiba wa mama yake, mzee alijifungia ndani mwaka mzima, hadi binti akamwambia bila kumung'unya maneno: "Baba, nikisikia umejifungia tena, naacha kazi narudi." Kisha akamtumia nauli, atembee, aone watu, apige picha kama alivyopenda zamani.

Na kweli mzee alifunga begi. Alifika mpaka stendi. Basi lilipowashwa injini, miguu ikagoma, akarudi nyumbani kwa aibu akipita vichochoroni. Jioni ileile akaanza kujifunza kutengeneza tovuti. Akaiita Baba Safarini. Mwanzoni picha zilitokea zimelala ubavu, na anayetaka kuandika maoni alijikuta kwenye mapishi ya mayai. Lakini alikomaa nayo, na kila alipobandika safari mpya binti aliandika chini yake: "Hongera Baba! Usichoke kutembea."

Adui yake alikuwa tangi la maji la mtaa. Lilisimama juu ya nguzo zake, likichungulia madirisha ya watu. Akifunga pazia, mwanga unakufa. Akifungua, tangi linaingia kwenye kijiko. Kijiko safi hubeba dirisha zima tumboni. Siku moja alibandika pwani safi kabisa, kumbe tangi limo kijikoni, akaifuta roho mkononi kabla binti hajaiona. Na wiki hii mambo yalizidi. Fundi rangi alikuwa analigeuza kutoka kijani kuwa rangi ya chungwa, mvua ikamfukuza katikati ya kazi, na mchirizi mmoja mrefu ukashuka hadi kwenye nguzo. Sasa hata kipofu angelitambua.

Simu ikaita.

"Baba! Umefika salama?"

"Nimefika, mama. Huku ukungu mtupu."

"Unakula lakini?"

"Nina supu hapa. Kazi inaendeleaje?"

"Ipo tu, Baba. Ipo."

Siku hizi walisikilizana sauti tu. Binti alisema mtandao wa huko umekuwa mbovu, haubebi tena simu za kuonana, na mzee hakuuliza mara mbili. Alishukuru kimoyomoyo.

Mara chini ya dirisha ukaanza ule muziki wa muuza aiskrimu, ambaye mchana kutwa alizunguka mtaa na baiskeli yake akichosha masikio ya watu. Mlimani hakuna aiskrimu. Mzee akaikandamiza simu kifuani mpaka muziki ulipokata kona, kisha akairudisha sikioni.

"Baba, nakata," binti alisema kwa haraka. "Bosi huyo anakuja."

Mzee akashusha pumzi. Bosi yule, Mungu ambariki, alikuwa na kawaida ya kutokea wakati mzuri.

Akabandika safari ya mlimani. Akaufungua ukurasa, akaufunga, akaufungua. Akaosha sahani iliyokwisha kuoshwa. Aliporudi, maoni yalikuwa yameingia, na safari hii yalikuja na picha: "Nami nimepika supu yako, Baba. Baridi ya huku usiombe!"

Mzee akaitazama picha, furaha ikamjaa. Mtoto huyu alikuwa na jicho! Bakuli limekaa vizuri, nyuma yake kimetundikwa kitambaa cheupe, mwanga unaingia kutoka ubavuni kama alivyomfundisha alipokuwa mdogo. Kwa mazoea tu, akakikuza kijiko.

Tangi likamtazama, miguu juu kichwa chini. Nusu kijani, nusu chungwa, na mchirizi mrefu hadi kwenye nguzo.

Akadhani amefungua picha yake mwenyewe. Akalitazama tena bakuli. Halikuwa lake.

Akazima gesi. Akafungua dirisha lote, akapiga simu.

"Baba? Vipi, mlima umekushinda?"

"Usikate, mama," alisema. "Hata bosi akija, usikate."

Muuza aiskrimu akapita chini ya dirisha na muziki wake, akakata kona kuelekea kwenye tangi. Muziki ukafifia, ukapotea, kisha ukaanza kulia ndani ya simu.