Jicho la Siwema

Kila muuguzi anayepelekwa vitani hupandikizwa jicho linalompaka kila mtu rangi: nyekundu atibiwe kwanza, kijani asubiri, nyeusi arukwe, maana huyo haponi tena. Halizimwi. Siwema alifunzwa miezi sita, mpaka mkono wake ukazoea kumruka wa nyeusi bila yeye kufikiri.

Siku ya kuagana aliwapakulia pilau watu wa nyumbani, wameketi mkekani. Mumewe kijani, wanawe kijani.

"Mbona mimi umeniruka?" baba yake aliuliza akicheka, sahani tupu mkononi.

Siwema aliinua macho, akaiona rangi yake.

"Nisamehe, Baba, nimepitiwa." Akampakulia mpaka pilau ikamwagika.

"Basi, mama, yatosha," alisema baba. "Nyingine nitakula ukirudi."